Sweta la Mkwe Asiyetazamwa

Mwezi wa saba Songea haina mzaha na mtu. Asubuhi ukungu unateremka kutoka milima ya Matogoro, unaingia Majengo nyumba kwa nyumba bila hodi, na watu wanakwenda sokoni wameficha mikono kwapani. Wengine huichukia miezi hiyo. Pankrasi Luambano aliipenda kama mkulima anavyopenda mvua, kwa sababu alikuwa mfumaji wa masweta, na baridi ndiyo iliyomletea watu mlangoni.

Kufuma alifundishwa na masista wa Peramiho, alipolazwa miezi mitatu kwa mguu uliovunjika, akiwa bado darasa la sita. Sista mmoja mzee, alipochoka kumsikia akilalamika, alimtupia kitandani sindano mbili na kibonge cha uzi. Pankrasi alitoka hospitali mguu umepona na soksi tatu amefuma, ya nne hakuimaliza. Wenzake walimcheka mwaka mzima. "Dada Pankrasi, nifumie kofia!" Walipomaliza kumcheka wakaanza kuagiza masweta.

Futi la kupimia alikuwa nalo, limening'inia msumarini, lakini hakulitumia. Mteja akifika alimwambia: "Geuka. Tembea mpaka mlangoni. Haya, inama kama unaokota kitu." Mteja aliinama, akajisikia mpumbavu, akainuka. Pankrasi alifumba macho kidogo, akaandika namba nne kwenye kipande cha karatasi, basi. Sweta likija, limemkaa. Kifua hakibani, makwapa hayavuti, na chini linashika kiuno bila kukinyonga. Zamani mji huu ulikuwa na mafundi wa namna hiyo katika kila kazi, na hakuna aliyewaita mabingwa. Waliitwa mafundi tu, ikatosha.

Hayo yalikuwa mambo ya mwaka wa tisini na tatu, ruksa imekwisha kutolewa kwa kila kitu na maduka yamejaa. Miaka ya nyuma yake uzi ulikuwa haupatikani hata kwa dawa, na Pankrasi alifuma sweta moja la rangi sita kwa sababu ndizo alizozipata. Sasa marobota ya mitumba yalikuwa yakishushwa kila wiki, na mtu aliweza kutia mkono kwenye rundo, akachomoa sweta la kafa Ulaya, akalivaa palepale. Mikono ilimfika magotini, akasema ndiyo mtindo. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa watu kusahau kwamba nguo inatakiwa imfuate mtu, siyo mtu aifuate nguo. Leo wamesahau kabisa, na ukiwaambia wanakutazama kama umetoka kaburini.

Lakini Pankrasi hakuwa mtu wa kununa. Jirani yake, Amedeus, aliyeuza mitumba barazani, alimwekea pembeni masweta yaliyotoboka. Pankrasi aliyafumua, akaziosha nyuzi, akazinyoosha kwa kuzifungia jiwe, akafuma upya.

"Unaniharibia mali," Amedeus alimwambia kila mara. "Sweta la Ujerumani hilo. Mzungu kalifuma kwa mashine ya umeme, wewe unalirudisha kuwa uzi!"

"Huyo Mzungu alikuwa na mabega ya nyati. Nani hapa Majengo ana mabega ya nyati?"

"Mkewe Daimu."

"Basi muuzie mkewe Daimu."

Jambo la pili alilolipenda Pankrasi lilikuwa Kiingereza. Shule aliishia darasa la saba, lakini alikuwa na kamusi aliyoachiwa na mwalimu mmoja aliyehamia Mbesa, na kila siku baada ya chakula cha mchana alisoma ukurasa mmoja. Kamusi hiyo ilianzia herufi D. A, B na C zilikuwa zimevutwa. Mzee Gaspari Mapunda, rafiki wa marehemu baba yake, aliyekuja kuota jua pale mlangoni, alikuwa amegundua kwamba karatasi zile ni nyembamba na zinafaa kusokotea tumbaku kuliko gazeti. Alifika mpaka mwisho wa C ndipo Pankrasi akagundua.

"Mzee Gaspari! Umevuta herufi tatu nzima!"

"Mbona zilikuwa hazina ladha," Mzee Gaspari akajibu. "Ya katikati ilikuwa chungu kidogo."

Katika kamusi hiyo Pankrasi hakutafuta maneno makubwa ya serikali. Alitafuta maneno ya joto. Alikuwa na daftari la kuandikia maneno yote ya Kiingereza yanayohusu kukaa vizuri, kujikunyata, kufunikwa na kubanwa kwa upole. Aliandika "nestle", akaeleza mbele yake kwa mkono wake: kufanya kama kifaranga anavyofanya chini ya mbawa. Aliandika "tight", akaeleza: inabana, mteja atarudi na ugomvi. Neno alilolipenda kuliko yote ni "snug". Hilo lilimlaza macho siku mbili, kwa sababu aliona linasema mambo mawili ambayo yeye alihangaika nayo maisha yake yote, kwamba kitu kimekukaa sawasawa mwilini, na kwamba umo ndani yake una raha na joto. Kiswahili kinayasema hayo mawili, alimweleza Amedeus, lakini kinayasema kila moja kwa zamu yake. Akachukua ubao, akaandika kwa rangi nyeupe: LUAMBANO SNUG SWEATERS. Mji mzima ukaanza kumwita Bwana Snagi.

Ubao huo ndio uliomleta Benigna Njovu.

Benigna alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka thelathini, mchangamfu, mwenye sauti iliyozoea watoto tisini darasani. Alisimama mbele ya ubao, akausoma mara mbili.

"Kaka, hili neno 'snug' umelitoa wapi? Mimi nafundisha Kiingereza na sijalifundisha."

Pankrasi akasimama. Akamweleza kwa mikono, maana alipoeleza maneno hayo mikono yake ilijikunja yenyewe. Benigna alisikiliza, kisha akauliza, "Na 'cosy'? Hilo halitofautiani nalo?"

"Halimo kwenye kamusi yangu, Mwalimu. Linaanzia na nini?"

"C."

Pankrasi akamgeukia Mzee Gaspari, aliyekuwa akiota jua na msokoto mdomoni. Mzee akatazama pembeni.

Benigna akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Akaahidi kuleta neno hilo kesho yake, akalileta, limeandikwa kwa chaki ya rangi kwenye kipande cha karatasi. Mbele yake alikuwa ameeleza: *ile hali ya kuwa jikoni na mtu unayempenda, mvua inanyesha, na hamna pa kwenda.* Pankrasi alilisoma mara nyingi kuliko neno lolote. Tangu hapo kila wiki Benigna alimletea neno moja la herufi C, na Pankrasi akampa moja la herufi nyingine. Alileta "comfortable", akaleta "close-fitting". Wiki ya saba akaleta "cuddle", hakukaa aeleze, akaondoka haraka haraka. Pankrasi ilibidi akaulize kwa karani mmoja wa posta, naye akamwambia mbele ya watu wa foleni kwamba ni kukumbatiana.

Mtu aliyefika hapo hana budi kupeleka posa. Wakati ule posa ilikuwa posa, siyo hizi za siku hizi za kutumiana ujumbe wa simu na picha ya pete. Mzee Gaspari akawa mshenga, akavaa koti, akaenda Mpitimbi nyumbani kwa akina Njovu. Baba yake Benigna alikwisha fariki, na neno lilikuwa la mama, Lukresia, mwanamke aliyelima ekari tano kwa mkono na kusomesha watoto watano.

Mzee Gaspari alirudi jioni, akakaa, akaomba maji, akanywa, akaomba mengine.

"Sema basi, Mzee," Pankrasi akasema.

"Hakukataa."

"Alikubali?"

"Hakukubali. Alisema hivi. Mabinti zake watatu wameolewa, na kila mkwe alileta blanketi la mama. Blanketi zote ziko sandukuni, panya wanazijua kuliko yeye. Mkwe mmoja alimletea koti kutoka Dar es Salaam, mikono yake anaifungia nyuma kama aproni. Akasema: 'Huyu wa sasa nasikia ana maneno ya Kiingereza ya joto. Maneno yake nimeyasikia. Mimi naumwa baridi. Anifumie sweta linikae. Likinikaa, achukue mke. Lisiponikaa, angoje mavuno mengine, nitafikiri.'"

"Basi ni rahisi!" Pankrasi akaruka. "Nitakwenda nikamtazame mara moja..."

Mzee Gaspari alikuwa akitikisa kichwa polepole.

"Utakwenda ukamtazame nani?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa Wangoni wa malezi ya zamani, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaitani kwa jina. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia majanini anageuza mgongo mpaka mwenzake apite. Na tangu siku posa inapopokelewa masharti yote hayo yamekwisha kuanza. Mama Lukresia alijua hivyo alipotoa sharti lake, na inawezekana alicheka kidogo.

Pankrasi alimkimbilia Benigna shuleni, wakati wa mapumziko.

"Mwalimu, nipe vipimo vya mama. Kifua tu na urefu wa mkono."

"Mama kaniapisha. Nisipime, nisiseme kama ni mnene au mwembamba, nisikuonyeshe hata nguo yake."

"Sasa nifume kwa ndoto?"

Benigna akatazama watoto waliokuwa wakipiga kelele uwanjani, kisha akatazama juu. "Ila hakuniapisha nisiseme anakokaa kanisani. Benchi la tatu kutoka mbele, upande wa wanawake, mwishoni kando ya njia. Jumapili huvaa kitenge cha kijani chenye jogoo mgongoni. Hicho kitenge kiko kimoja tu Mpitimbi nzima, nilimnunulia mwenyewe. Na mgongo siyo uso."

Jumapili iliyofuata Pankrasi alikuwa Mpitimbi kabla kengele ya pili haijalia. Alikaa upande wa wanaume, nyuma ya nguzo. Wanawake wakaingia. Benchi la tatu, mwishoni kando ya njia, akakaa jogoo.

Misa nzima Pankrasi hakusikia neno la padri. Aliutazama mgongo ule ulipokaa, uliposimama, ulipopiga magoti. Ulikuwa mgongo mpana, wa kukaa imara, na bega la kushoto lilikuwa chini ya la kulia kwa vidole viwili, kama la mtu aliyewahi kuanguka na kuungwa vibaya. Benigna hajawahi kutaja bega, akawaza, lakini mtoto mwenye adabu hataji kasoro ya mzazi. Akafumba macho wakati wenzake wanasali, akaandika namba nne kwenye kiganja, na ya tano kwa ajili ya bega.

Misa ilipokwisha alitoka wa kwanza, kabla ya baraka kukauka. Aliogopa akikawia mlangoni atagongana na mkwe uso kwa uso. Akaruka ua wa katani, akachanika suruali, akaondoka mbio mpaka barabarani. Kwa hiyo hakuona jogoo akitoka kanisani, wala hakusikia watu wakimsalimu kwa jina lake.

Jina lake lilikuwa Leticia. Alikuwa mdogo wake Mama Lukresia, alikuja kutoka Mbinga siku tatu kabla. Asubuhi hiyo Mama Lukresia alibaki nyumbani kwa maumivu ya kifua, akamwazima mdogo wake kitenge, akamwambia, "Nenda ukakae mahali pangu, usije ukawaachia wengine benchi."

Pankrasi alifuma siku kumi. Amedeus alimtolea kwenye robota sweta zito la sufu, rangi ya divai ya altare, likiwa na tundu moja tu kwenye kiwiko. Alitaka kwanza lipelekwe vilevile. "Ziba tundu, upeleke. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe siyo utakayelivaa!"

Pankrasi akalifumua mbele yake. Kila alipofika begani aliongeza mistari upande wa kulia, akapunguza wa kushoto, akalinyanyua, akaliangalia, akalifumua tena. Mzee Gaspari alimwambia sweta limekwenda upande. Pankrasi akatabasamu tu. "Ngoja alivae."

Siku ya jibu walikwenda watatu: Mzee Gaspari, Amedeus aliyesema hawezi kukosa, na Pankrasi. Walipokewa kwa togwa. Wazee walikaa uani, chini ya paa la nyasi lililojengwa kwa wageni. Pankrasi, kwa kuwa mkwe yuko karibu, aliwekwa nyuma ya ghala la mahindi, mgongo wake ukielekea mlango wa nyumba, mbele yake kuku wawili. Kazi yake ilikuwa kungoja na kusikia.

Mzee Gaspari akapeleka ndani kikapu chenye sweta. Kisha sauti ya mwanamke mmoja ikasema, "Ehe, hebu lishike nilikung'ute." Kisha wanawake wakaanza kucheka, wa kwanza, wa pili, halafu nyumba nzima.

"Humu tunaingia wawili na mtoto!" ilisikika sauti kavu, ya mtu asiyecheka. Pankrasi akajua ndiyo ya mkwe wake. "Na begani limekwenda wapi? Alifuma huku amelewa komoni?"

"Dada, labda kwa Kiingereza ndivyo linavyovaliwa," mwingine akasema, na kicheko kikaanza upya.

Mzee Gaspari akatoka, akaja nyuma ya ghala, akachuchumaa.

"Mwanangu, umemfumia mama mkwe hema."

Pankrasi akamshika mkono. "Haiwezekani. Nimemwona! Kifua kile, mabega yale..."

"Mama anasema urudi na wazee wako. Mavuno mengine atafikiri. Benigna analia jikoni."

Pankrasi akakitazama kiganja alichoandikia namba. Mtu aliyekosea hesabu anaweza kusema kalamu iliteleza, lakini yeye hakuwa na kalamu, alikuwa na macho tu, na kama macho yamemdanganya hakuwa na kitu kingine cha kumpa mtu. Neno baya zaidi ni lile la Benigna kulia. Mavuno mengine ni mwaka, na katika mwaka huo walimu wenye mishahara na watu wenye magari wangepita hapo mlangoni.

Ndani kelele ilibadilika ghafla. Mtu alipiga yowe.

"Mungu wangu! Dada, tazama! Tazama bega!"

Leticia, katika kuchezacheza, alikuwa amelivaa sweta ili awachekeshe wenzake. Alilivuta chini, akanyoosha mikono, akabaki amesimama. Hapakuwa na cha kuchekesha. Sweta lilikuwa limemkaa. Lilishuka kifuani, likashika kiuno, na begani, pale ambapo kila nguo ya maisha yake ilimvutia upande mmoja tangu alipoanguka kwenye mkorosho kule Tunduru akiwa msichana, palikaa shwari.

"Sijawahi," Leticia akasema. Akatembea mpaka ukutani na kurudi. "Dada, sijawahi kuvaa kitu kikanifuata bega."

Mama Lukresia akaligusa lile bega. Kisha akaita, "Mwiteni mshenga."

Mzee Gaspari alibanwa ndani humo kama shahidi wa mahakama. Alijaribu kusema hajui. Akajaribu kusema ni baraka za Mungu. Mwisho akasema yote, Misa, nguzo, benchi la tatu, kitenge cha jogoo. Alipofika kwenye ua wa katani na suruali iliyochanika, wanawake walikuwa wamekaa chini wanajifuta machozi.

"Kumbe ndiyo maana siku ile mgongo uliniwasha!" Leticia akapiga kelele. "Nikasema labda ni viroboto vya Mpitimbi!"

"Alikutazama Misa ngapi?" Mama Lukresia akauliza.

"Moja, Mama," Mzee Gaspari akajibu.

"Kutoka wapi?"

"Nyuma ya nguzo. Mbali kama hapa na kwenye kisima."

"Na hakumgusa, hakumpima kwa kamba, hakuuliza mtu?"

"Angemuuliza nani, Mama? Angeuliza, angesikia hukuwapo."

Huko nyuma ya ghala Pankrasi alikuwa ameinamisha kichwa, kuku mmoja anadonoa kamba ya kiatu chake. Alisikia hatua zikitoka nje, nyepesi, polepole, za mtu anayejali asijikwae. Zikasimama katikati ya ua.

"Gaspari," ile sauti kavu ikasema. "Mwambie huyo mtoto wa watu mimi nimempa mgongo. Mwambie ageuke, atazame mgongo, asitazame kingine. Na ninyi wengine mtazame ugali wenu."

Mzee Gaspari, ingawa Pankrasi alikuwa hatua ishirini tu na amesikia kila neno, alikwenda mpaka nyuma ya ghala akalisema lote upya, kama desturi inavyotaka. Pankrasi akasimama. Akageuka.

Mama Lukresia alikuwa amesimama kwenye jua, khanga kichwani, uso ameuelekeza milimani. Alikuwa mdogo. Pankrasi hakutegemea awe mdogo hivyo. Shingo ilikuwa ndefu na nyembamba, mabega membamba yamesogea mbele kidogo kama ya watu waliobeba kuni na watoto kwa wakati mmoja, na katikati ya mgongo mifupa ilihesabika juu ya gauni. Mwili huo ulikuwa unatetemeka, kidogo sana, juani.

Pankrasi hakufumba macho upesi safari hii.

"Mzee Gaspari," akasema, "mwombe Mama anyanyue mkono wa kulia."

"Mama, mkwe anaomba unyanyue mkono wa kulia."

"Mwambie nimesikia." Mkono ukanyanyuka.

"Mwombe ainame kama anaokota kitu."

"Mama, ainame... uiname kama..."

"Gaspari, mimi siyo kiziwi!" Akainama, na kutoka huko chini akauliza, "Aniambie ninaokota nini?"

Amedeus akashindwa, akacheka togwa ikamtoka puani. Hata mabega yale membamba yakatikisika.

"Imetosha," Pankrasi akasema. "Mwambie Mama ahsante. Mwambie shikamoo."

"Marahaba," Mama Lukresia akajibu kwa Gaspari, akaingia ndani bila kugeuka.

Sweta la divai lilibaki kwa Leticia. Alisema atakayemvua atavua na ngozi. Kwa hiyo Pankrasi alianza upya, na Amedeus akafungua robota jipya kabla ya siku yake, akachambua mpaka chini, akapata sufu ya kijivu, laini kama manyoya ya sungura. Hakusema habari ya kuziba tundu. Alishika nyuzi mwenyewe wakati Pankrasi anafumua, akilaumu tu kwamba mikono inamchoka. Pankrasi alifuma siku sita. Shingoni aliweka kola ndefu ya kukunja, iweze kupandishwa mpaka masikioni. Mgongoni, pale penye mifupa, alifuma mara mbili.

Mzee Gaspari alilipeleka peke yake siku ya Alhamisi. Pankrasi hakuweza kufuma siku hiyo. Benigna alitoka shule saa saba, akaja akakaa pale kwenye benchi la wateja akisahihisha madaftari, na kila gari la Mpitimbi lilipopiga honi barabarani kalamu yake ilisimama.

Saa kumi mzee akatokea kwenye kona. Hakuharakisha. Akakaa, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Alilivaa?" Pankrasi akauliza.

"Alilivaa."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu."

Pankrasi na Benigna wakatazamana.

"Alilivaa asubuhi, ukungu bado upo," Mzee Gaspari akaendelea. "Akatoka kwenda kupura maharage. Mimi nikakaa nangoja jibu. Saa nne jua likatoka, analipura lile rundo, hakulivua. Saa sita jua limekuwa kali, mimi mwenyewe nimevua koti, jasho linamtoka usoni, hakulivua. Leticia akamwambia, 'Dada, utaungua.' Akamwambia, 'Niache nimo.'"

"Na jibu, Mzee!" Benigna akasema. "Jibu!"

"Nilipoaga ndipo akasema. Amekwisha mtuma mtu kwa padri. Tangazo la kwanza la ndoa litasomwa Jumapili hii, la pili ijayo, na la tatu ile nyingine. Na mwenyewe atakuwa benchi la tatu, kwa hiyo mkwe akae nyuma ya nguzo, asimwone."

Benigna alifunika uso kwa daftari la mtoto wa watu. Pankrasi alibaki amesimama, mikono imejikunja kifuani bila yeye kujua. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa na Mzee Gaspari, akamwomba aanze tena tangu alipofika, asiruke kitu, aanzie kwenye ukungu.

Mzee akaomba kwanza chai.